Tupeane uzoefu: foto ya safarini iliyokusumbua zaidi

Mwana Himbi (Goma)
Wandugu, jambo. Leo kijana mmoja amekuja kwangu kuchapa foto za safari yake ya Kahuzi-Biega, mbuga ya gorila. Gorila wote wametoka rangi ya majivu, weusi hakuna. Nikakumbuka mambo mengi. Wenye aparei (kamera) na wenye telefoni, kila mtu alete foto yake ya safarini iliyomsumbua. Sisemi iliyo nzuri. Iliyosumbua.

Kadutu Foto
Huyo kijana mwambie hivi: aparei ikiona weusi mwingi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga yenyewe. Ashushe mwanga hatua moja kabla ya kubonyeza. Flashi marufuku kabisa. Na mbele ya familia ya gorila mnapewa saa moja tu, asiimalize akiangalia kioo cha aparei.

Mutu ya Tshivanga
Na barakoa isishuke! Nimeona mgeni akiiteremsha ili sura yake itokee kwenye selfi, gadi akamrudisha nyuma mbele ya watu. Gadi alifanya vizuri. Mafua yetu sisi yanaua gorila.

Lushois
Yangu ni ya maporomoko ya Lofoi, kule Kundelungu. Watu walinisifia: maji yanaanguka zaidi ya mita 300 bila kugusa jiwe. Nikaenda mwisho wa kiangazi. Maji yalikuwa yamekauka karibu yote. Nendeni mvua ikiwa bado mbichi, hata kama barabara itawatesa.

Ndosho Reporta
Yangu si ya mnyama. Ni ya mama mmoja kwenye barabara ya Sake.

Mnakumbuka 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei jioni, lava ikashuka mpaka Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Tukadhani yamekwisha, lakini ardhi iliendelea kutikisika, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza sehemu ya mji ihame. Wengine wakaingia Gisenyi, Rwanda, wengine wakakimbilia bandarini kutafuta boti ya Bukavu, sisi tukashika njia ya Sake. Aparei shingoni, mdogo wangu nimemshika mkono.

Tukiwa tumekaribia Mubambiro nikaona tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inasukumwa na vijana wawili. Juu yake godoro na bidoni za maji, na juu ya godoro mama mzee amekaa wima, kitenge amekifunga vizuri, amepakata kioo kikubwa cha ukutani. Ndani ya kile kioo unawaona watu wote walio mbele yake, barabara nzima, vichwa na mizigo. Fotografe yeyote angejua kwamba foto ile haitarudi. Nikainua aparei. Akageuza uso. Nikaishusha, nikaendelea kutembea kando yao.

Baadaye akaniita mwenyewe. "Wewe mutoto, hiyo foto unaipeleka wapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba kuna watu Ulaya wananunua. Akanyamaza muda. Halafu akasema: "Piga. Lakini uandike jina langu, na uandike kama nilikuwa mwalimu. Nisionekane mukimbizi tu."

Nikapiga. Karatasi sikuwa nayo, jina nikaliandika kwenye mkono kwa biki.

Niliituma ile foto na jina, na kazi yake. Walioinunua waliitoa na maneno matatu chini: mwanamke anakimbia volkano. Nikawaandikia, nikawaandikia tena. Hakuna aliyejibu. Nimeichapa kubwa, nimeandika nyuma jina lake lote na kwamba ni mwalimu, na kila nikipita sokoni natazama nyuso za wamama. Sijampata.

Birere Motari
Ndugu yangu. Siku ile na mimi nilikuwa kwenye ile barabara. Pole.

Katindo
Na pesa? Ile foto ilinunuliwa. Yule mama alipata nini?

Kadutu Foto
Katindo, acha. Tukianza kulipa kila uso, kesho hakuna atakayekubali kupigwa bila dola, na foto zote zitakuwa za watu waliojipanga na kutabasamu.

Mama Majengo
Na ubaya uko wapi? Mwenye tshukudu hapakii mzigo wako bure. Uso wake ndio upakiwe bure? Wageni wanakuja na aparei za bei ya nyumba, wanapiga watoto wetu wakioga ziwani, wanaondoka. Mimi nimeshamfukuza mmoja pale ufukweni, na nitafukuza mwingine.

Kadutu Foto
Mama, mimi sizungumzii wageni. Mimi nimezaliwa hapa, nakula kwa hii kazi.

Mama Majengo
Watoto ni walewale, baba. Omba ruhusa, kisha rudisha chapisho. Nyumbani kwangu foto pekee ya marehemu mume wangu ni ya fotografe wa mtaani aliyerudi kutuletea.

Birere Motari
Ushauri wangu ni wa wanaoanza: mpakani, uwanja wa ndege, daraja la Ruzizi, askari, hapo aparei ikae ndani ya mfuko. Niliwahi kubeba mteja aliyepiga foto ya barieri, kizuizi cha askari barabarani, akiwa juu ya pikipiki yangu. Tulikaa pale mpaka giza, wote wawili, na foto zake zote zikafutwa, hata za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alizopiga asubuhi.

Lushois
Mimi nabeba kadi ya pili ndani ya soksi.

Mutu ya Tshivanga
Wakiikuta kwenye soksi ndipo utalala ndani. Usiwafundishe watoto hivyo.

Mama Majengo
Ndosho, mama huyo alifundisha upande gani? Walimu wa zamani wa huku wanajuana. Jina usiliweke hapa mbele ya wote, niandikie pembeni, Jumapili nitauliza kanisani.

Ndosho Reporta
Aksanti mama. Nimekuandikia sasa hivi.

Katindo
Swali la pesa bado halijajibiwa.