Uamsho umeingia kanisani kwetu, nisaidieni kupima: ni wa Mungu au mihemko?

MzeeWaBenchi: Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri wa haraka maana jioni hii tuna kikao cha baraza na wiki nzima sijalala vizuri. Vijana wetu walianzisha maombi ya usiku, walikuwa wanane, sasa ukumbi unajaa mpaka watu wanasimama kwenye madirisha, wanalia, wanaanguka, na hili jipya la kusimama mbele mmoja mmoja kuungama dhambi hadharani, tena kwa kutaja majina. Ibada ya masaa mawili inakwenda matano. Mimi ni mzee wa kanisa, nimeombwa msimamo. Biblia inasema mambo yote yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu. Naombeni hoja.

Dada_Neema: Hiyo ni 1 Wakorintho 14:40. Mzee soma na wa 39, huo unakataza kuzuia watu kunena kwa lugha. Wapenda utaratibu huwa mnaurukaga.

KinandaKibovu: Kwenye kuanguka niulizeni mimi. Niliangushwa na jirani yangu, mtu wa kilo mia, kapigwa na upako kanilalia. Nikaona aibu kuinuka, nikabaki chini nahesabu mbao za dari. Zilikuwa 34. Mpaka leo kuna mama ananiita mtumishi.

Msomaji77: Mzee hofu yako sio ngeni. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, alama yake ilikuwa hiyo hiyo, watu wanaungama mbele za wenzao na kurudisha vitu walivyoiba, wenyewe waliita kutembea nuruni. Wakubwa wa kanisa wengi hawakuupenda, mwaka 1941 chuo cha theolojia Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi wa uamsho na bado haukuzimika. Uamsho wa Wales 1904, kiongozi wake Evan Roberts alikuwa kijana wa miaka 26 tu, mchimba makaa wa zamani. Juzi hapa chuo cha Asbury, Kentucky, Marekani, Februari 2023, wanafunzi wamemaliza ibada ya kawaida wakagoma kutoka, wakakaa wiki mbili hivi, na watu mitandaoni walishatoa hukumu kabla haijaisha. Ila tusidanganyane, Roberts mwenyewe alichoka akavunjika afya akajitenga. Kwa hiyo usiangalie machozi, angalia kama madeni yanalipwa.

Dada_Neema: Mzee, kwenye kuungama umeandika "kwa kutaja majina". Nani katajwa?

MzeeWaBenchi: Hilo sio la msingi dada. Naongelea kanuni.

Dada_Neema: Mtu hakosi usingizi wiki nzima kwa ajili ya kanuni.

MzeeWaBenchi: Sawa. Mimi ndio mweka hazina. Kuna karani tulikuwa naye ofisi moja, kaokoka upya kwenye hayo maombi, jana kanifuata analia anasema Jumapili anasimama, na hawezi kusimama bila kunitaja. Ni mfuko wa ujenzi. Tuliazima, sikuiba, na nusu nimesharudisha. Sasa niambieni kumdhalilisha mtu mwenye familia mbele ya watoto wake kuna Roho gani hapo? Barua ya kusitisha maombi miezi mitatu nimeshaandika, tena nimeandika kwa upole, "kwa ajili ya tafakari".

JembeLaBwana: Zakayo alirudisha mara nne! Wewe nusu! Tubu mzee, siku zimekwisha!!

KinandaKibovu: Mweka hazina anataka kuzima uamsho ili usifike kwenye vitabu 😂😂

Mchunguzi_Huru: Wakuu hii ni chai, tena ya tangawizi. Mwanzo mzee wa kanisa, akibanwa anakuwa mweka hazina, akibanwa tena anatoka mwizi. Kila kitu kimejipanga kama mahubiri ya pointi tatu. Huyu ni mchungaji anaandaa somo la Jumapili, tumemsaidia kazi.

Msomaji77: Kwani mweka hazina hawezi kuwa mzee wa kanisa? Kwetu ni huyo huyo.

Mchunguzi_Huru: Na barua "kwa upole"? Mwizi gani anajisifia upole wa barua?

Dada_Neema: Wote.

MamaKwaya: Iwe chai isiwe chai, mimi natunza hela za kwaya, nimesoma hapa nikaenda kuhesabu. Zimepungua. Nilizitumia nikasahau, haki ya Mungu nilisahau.

MzeeWaBenchi: Ndugu Mchunguzi, natamani iwe chai. Kitabu cha risiti kiko hapa mbele yangu, zile nakala za chini za kaboni, namba 212 mpaka 219 zimechanwa na vipande vya karatasi bado vimeng'ang'ania kwenye pini. Mke wangu kapita mara mbili anauliza mbona sili.

Msomaji77: Mzee, karani mpigie leo. Ninyi wawili ongeeni na mchungaji kabla ya kikao, Jumapili msimame pamoja au yeye akubali kuyamalizia ofisini. Barua umesaini?

MzeeWaBenchi: Bado. Kalamu naitafuta toka asubuhi.

Dada_Neema: Usiitafute.