Kulala hemani penye maji: Shimba, Galana au Mida?

Mtembezi_Kizingo
Hamjambo nyote. Tuko wanne, marafiki tangu shule, na mwezi wa nane tumepata siku tatu za mapumziko zilizoangukia pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu mwenzetu mmoja aoe. Tumechoka kukaa ufukweni Mama Ngina, hapa Mombasa, tukitafuna mihogo na kusema "siku moja twende". Safari hii twataka kulala hemani usiku mbili, mahali penye maji yanayotiririka. Yaani tutembee kwa miguu kufuata mto, jua likishuka tupige hema papo hapo, tulale tukiyasikia maji.

Tuna hema mbili za watu wawili wawili, meko ya gesi ya mtungi mdogo, na gari dogo la shemeji yangu, Probox, ambalo hajui bado kuwa ametuazima. Nimesikia majina matatu: Shimba Hills kwenye maporomoko ya Sheldrick, mto Galana ndani ya Tsavo Mashariki, na hori ya Mida kule Watamu. Wenye kujua, nipeni ukweli. Hakuna kati yetu aliyewahi kulala porini.

Nahodha_Mstaafu
Mwanangu, nianze na Mida maana huko nakujua kama kiganja changu. Hori si mto, ni mkono wa bahari. Maji yake hayatiririki, yaingia na kutoka, na ukitaka kuyasikia utayasikia vibaya. Kukiwa na bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pale ulipoona mchanga mkavu, saa chache baadaye pana maji ya magoti. Kijana mmoja wa mjini alipiga hema chini ya mikoko akidhani amepata kivuli. Tulimkuta alfajiri amekaa juu ya mtumbwi wa watu, amekumbatia viatu. Ukienda, angalia kwanza kalenda ya mwezi, uende siku za maji mafu, yanapopanda kidogo tu, na hema lipigwe juu kwa wenyeji, kwa ruhusa yao.

Uzuri wa Mida ni ndege. Lakini wale wa kigeni, wanaotoka Ulaya na Asia, hufika kuanzia mwezi wa tisa na kuondoka mwezi wa nne. Nyinyi mwaenda mwezi wa nane. Mtakuta matope, kaa na mbu. Utembezi upo, lile daraja la mbao la kuning'inia katikati ya mikoko ni zuri mno, ila kwa mwendo wa taratibu ni nusu saa na umelimaliza. Kutoka Mombasa mpaka Gede ni kama kilomita 100, na njia ni lami. Ningekuwa nyinyi ningepita Mida mchana, nikaingia na msitu wa Arabuko-Sokoke kumtafuta sange wa kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, nikala samaki, nikarudi kwangu kulala.

Binti_Kwale
Mimi nitasema Shimba, na si kwa kuwa ni kwetu. Haya, labda kidogo ni kwa kuwa ni kwetu.

Kwanza ni karibu. Mwavuka Likoni, au mwazunguka Dongo Kundu kama feri ina foleni, mwafika Kombani, mwakata kulia kupanda Kwale. Hata bila Probox mwaweza kuja kwa matatu mpaka Kwale mjini, ingawa ndani ya hifadhi hamtembei wenyewe. Na hapo ndipo nataka kumsahihisha Mtembezi: hilo la kufuata mto kwa miguu na kupiga hema popote jua linaposhuka, futa. Si Shimba, si Tsavo. Penye ndovu na nyati mtu halali popote apendapo. Hema hupigwa kambini, na kutembea ni pamoja na askari mwenye bunduki wa KWS, shirika la wanyamapori.

Sasa utamu wake. Waacha gari pale Elephant Hill, wateremka na askari kama kilomita mbili ndani ya msitu hadi chini ya maporomoko. Yana urefu wa mita 21, na chini pana kidimbwi waweza kuoga. Maji ni baridi, baridi ya kweli, si ya mfereji wa Tudor uliokaa juani. Mara ya mwisho nilipoteremka, askari alisimama ghafla akainua mkono. Kulikuwa na mavi ya ndovu katikati ya njia. Akainama, akayagusa kwa nyuma ya kidole, akasema, "Bado yana moto." Tulikaa pale chini ya mti kama robo saa, hakuna aliyekohoa, kisha tukasikia matawi yakivunjika upande wa bondeni, yakaenda mbali, tukaendelea. Kuteremka ni raha. Kupanda kurudi ndiko kutakakokukumbusha kila kiazi karai ulichokula tangu Januari, basi nendeni asubuhi.

Na palahala, yule swala mkubwa! Shimba ndipo mahali pekee Kenya pa kumwona palahala porini. Dume ni jeusi ti, pembe zimepinda nyuma kama jambia.

Kasoro mbili. Kambi iko juu mlimani, haiko kwenye maporomoko, kwa hiyo usiku hamtasikia maji. Na kuna mbung'o. Msivae buluu wala nyeusi, rangi hizo ndizo wanazozifuata, hata mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Vaeni kaki au rangi ya udongo.

Mla_Mahamri
Watu wanne, hema mbili, mikeka, meko, sufuria, ndani ya Probox. Poleni. Mimi nauliza tu: nani atapika?

Dereva_wa_Voi
Napeleka watu Tsavo Mashariki kila wiki, kwa hiyo nichukulieni kuwa nina upande.

Galana ni mto hasa. Athi na Tsavo zinakutana ndani ya mbuga, hapo ndipo unapoanza kuitwa Galana, na ukifika kwenu pwani unaitwa Sabaki, unaingia baharini karibu na Malindi. Maji yapo mwaka mzima, wakati mito mingine kama Voi inabaki mchanga mtupu kiangazi. Jioni, ukikaa ng'ambo ukiutazama uwanda wa juu wa Yatta ukibadilika rangi, mikoma imesimama ukingoni, utasahau kazi. Pale Lugard Falls usitegemee maji yaangukayo kutoka juu. Ni mto mpana unaobanwa ghafla kwenye mwamba uliochongwa na maji yenyewe, unanguruma, povu, kisha unatulia chini yake. Na palipotulia wamo mamba. Hakuna kuoga. Hakuna hata kunawa miguu.

Sasa habari ya kulala. Kambi ya umma inayojulikana ni Ndololo, karibu na geti la Voi, chini ya miti mikubwa kando ya mto Voi, ambao kama nilivyosema mwezi wa nane ni mchanga. Ukitaka kulala Galana kwenyewe unahitaji kambi maalumu: mnaiweka mapema, mnakuwa peke yenu, na hamkuti choo wala bomba. Kila tone la maji ya kunywa mnabeba, kila takataka mnarudi nayo.

Na msipige hema ukingoni hata kidogo. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na hurudi kwa njia ileile aliyotokea. Njia zake zinaonekana, ni kama mifereji miwili sambamba na kijukwaa cha nyasi katikati. Ukiona hivyo, sogea mbali. Wageni wa mjini wanapenda maeneo hayo kwa sababu yamesawazishwa vizuri.

Jambo la pili, matunda. Nilikuwa na wageni Ndololo, mmoja alificha machungwa ndani ya hema asinyang'anywe na tumbili. Saa nane za usiku ndovu alikuja polepole, huwezi kuamini mnyama wa ukubwa ule anavyonyamaza, akachana hema upande mmoja kama anafungua bahasha, akachukua mfuko, akaondoka. Mwenyewe alikuwa amelala ndani, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwenye mfuko. Hakuumia. Lakini hakulala tena, na sisi wengine pia hatukulala kwa sababu alikuwa anasimulia.

Kwa wasiowahi kulala porini, na wenye Probox, nasema msianze na Galana.

Mjukuu_wa_Changamwe
Mbona hakuna aliyetaja Mzima, Tsavo Magharibi? Chemchemi, viboko, maji maangavu kama kioo, na njia ya kutembea ipo.

Dereva_wa_Voi
Mzima ni pazuri, na maji mnayooga huko Mombasa mengine yanatoka hapohapo kwa bomba. Yananyesha juu ya vilima vya Chyulu, yanachujwa na mawe ya volkeno, yanatokeza chini. Lakini pale ni pa kuona na kuondoka. Hulali. Na kwa kutoka kwenu mpaka huko, siku moja kati ya tatu imeishia njiani nyuma ya malori.

Mama_Hisabu
Mmezungumza mamba na ndovu, hakuna aliyezungumza pesa. Kiingilio cha Shimba na Tsavo huhesabiwa kwa kila kichwa kwa saa 24, si kwa tarehe. Mkiingia saa tatu asubuhi, mtoke kabla ya saa tatu, la sivyo mwaanza siku mpya. Kulala ni malipo mengine, na gari ni mengine. Kwenye kambi maalumu kuna ada ya kuiweka juu ya hayo, na ada hiyo ni moja mkiwa wanne au mkiwa kumi, kwa hiyo kwa wanne yauma. Lipeni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, mkiwa nyumbani kwenye mtandao mzuri, na mpige picha risiti. Getini hawapokei noti.

Tena kuna mafuta. Likoni hadi Kwale na kurudi, Probox haitasikia. Voi ni kama kilomita 150 kwenda tu, bado hamjazunguka ndani.

Kwangu mimi Shimba imeshinda kabla hata ya kufungua daftari.

Nahodha_Mstaafu
Mwezi wa nane ni kusi. Huko juu Shimba kuna manyunyu na ukungu wa alfajiri. Hema liwe na turubai la juu, na ubebe sweta. Najua wewe ni mtu wa Mombasa na sweta umeiona kwa wageni wa Nairobi tu, lakini beba.

Mtembezi_Kizingo
Tumerudi jana. Tulikwenda Shimba, usiku mbili. Shemeji amejua.

Binti_Kwale, dada, ahsante. Maporomoko tuliyafikia saa nne asubuhi, tukayapata peke yetu, mwenzetu aliyeoa akakataa kutoka kidimbwini mpaka askari akamwambia kwa upole kuwa ana kazi nyingine. Palahala tuliwaona saba, mbali. Mbung'o waliniuma mimi tu, kwa sababu nilikuwa na kofia nyeusi na nikadhani kofia haihesabiwi.

Sauti ya maji hatukuipata, kama mlivyosema. Usiku wa kwanza kitu kililia mtini juu yetu kama mtoto aliyetupwa, mmoja wetu akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kulipokucha askari akacheka, kumbe ni komba. Sweta niliibeba moja, tuliivaa kwa zamu.

Nilipika mimi, Mla_Mahamri. Wali ulishika chini.

Dereva_wa_Voi, tukipata watu wengine sita wa kugawana kambi maalumu, Galana mwezi wa kwanza kunafaa?

Dereva_wa_Voi
Januari kunafaa. Mvua za vuli zimekwisha, masika bado, na barabara zimekauka. Ila kambi iwekeni mapema, mwisho wa mwaka kunajaa. Watu kumi ni magari mawili yaliyoinuka juu ya ardhi. Probox mrudishieni mwenyewe, na mimi nitawachukua stesheni ya Voi mkija na treni ya asubuhi.