Mke wa mwanamaji: tukope tujenge, au tungoje? Naomba ushauri

Hamjambo wenzangu. Mume wangu ni mwanamaji pale kambi ya jeshi la majini Mtongwe, Mombasa, cheo bado cha chini. Nyumba za kambini hatujapata, tumepanga huku Likoni. Mtaani nikikopa unga na mafuta mwenye duka haandiki hata jina, ati "mke wa afande halali njaa". Laiti angeiona ile karatasi ya mshahara! Bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kodi ya mapato (PAYE) juu yake, kisha mkopo wa sako alionunulia pikipiki ya mdogo wake. Kinachobaki ni kodi ya nyumba tuliyopanga na karo, basi.

Sasa kuna fununu huenda akapelekwa Somalia. Yeye ameshapiga hesabu ya posho ya huko, anataka achukue mkopo mkubwa tununue ploti Shika Adabu, tuinue vyumba vinne vya kupangisha. Mie roho inasita. Posho ni ya muda akiwa kule, akirudi imekatika, na makato ya mkopo ni miaka sita. Isitoshe, ardhi za Likoni mnazijua: muuzaji ana barua ya mzee wa mtaa, hati hana.

Wake wa maafande na mlioshastaafu, nielekezeni. Mlijenga kwa mshahara au kwa posho? Na nimwambieje mume asione namkatisha tamaa? Jamaa zake tayari washaanza kuulizia vyumba.