Darubini ya kwanza kwa safari ya Ruaha: kwa nini 8 iwe ghali kuliko 180?

Mwalimu_Chaki:
Habari za jioni wanajukwaa. Nastaafu Juni baada ya miaka 34 ya ubao na chaki, na mimi na mama watoto tumeshakubaliana: Agosti tunakwenda Ruaha, siku nne. Mikumi nimeipita mara nyingi ndani ya basi, twiga na pundamilia nikiwaona dirishani wakikimbia kurudi nyuma, ila kuingia hifadhini nikatulia sijawahi.

Kijana wangu anasema, baba nunua darubini. Jumamosi nimezunguka Kariakoo nikarudi na kichwa kinauma. Duka la kwanza 10x25, inaingia mfuko wa shati, elfu themanini. Duka la pili dude kubwa limeandikwa "zoom", 20 hadi 180x100, lenzi nyekundu zinawaka kama kito, laki moja na ishirini. Muuzaji ananiambia utahesabu kope za simba. Duka la tatu 8x42, laki tatu na nusu, na muuzaji hakuwa na maneno mengi.

Navaa miwani tangu asubuhi hadi kulala, na mkono wa kulia unatetemeka kidogo, ni wa siku nyingi. Mfukoni nina laki nne, na ikibaki chenji mama atafurahi. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote lakini hii imenishinda: kwa nini 8 iwe ghali kuliko 180?

Mtoto_wa_Ilala:
Shikamoo Mwalimu. Kaa mbali na lile dude, nakuomba. Mimi ninalo.

Nililinunua nikiwa naenda Saadani na washikaji. Ukilivuta hadi mwisho unaona giza lenye kitu kinacheza ndani yake. Tembo alikuwa palepale ng'ambo, nikimtafuta kwa lile dude simpati, nikilishusha namwona kwa macho yangu. Kichwa kikaniuma, na jioni mwezi nikauona miwili. Niliporudi nyumbani nikachukua rula. Ile 100 inatakiwa iwe upana wa kioo cha mbele kwa milimita, yaani sentimita 10. Nikapima: sentimita 4, hazijatimia. Sasa hivi mwanangu analitumia kucheza unahodha.

Dereva_wa_Msembe:
Mwalimu, karibu Ruaha. Nimewaendesha wageni huku na Mikumi kwa miaka 17, na darubini za wageni nimezishika nyingi kuliko usukani wa gari langu mwenyewe.

Swali lako la hesabu lina jibu la hesabu. Namba ya kwanza inasema kitu kinavutwa karibu mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo cha mbele. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 unapata milimita 5 na robo. 25 kwa 10 unapata 2 na nusu. Hilo ndilo duara la mwanga linaloingia jichoni mwako. Mchana jua likiwaka mboni yako imejibana, hiyo 2 na nusu inatosha, huoni tofauti. Jua likizama mboni inafunguka, ya kijana hufika milimita 7, ya watu wa rika letu mara nyingi haizidi 5. Kwa hiyo 8x42 inakupa mwanga wote ambao jicho lako linaweza kuupokea.

Nakupa mfano. Jioni moja kwenye Mto Mwagusi, ule wa mchanga, tuko chini ya mkuyu, saa kumi na mbili imeshagonga. Gari lina wageni wanne. Wawili wana zile ndogo za mfukoni, wananiambia dereva tuondoke, hapa kuna tawi tu. Mama mmoja ana 8x42 kuukuu, imechubuka mpira. Akanyamaza dakika nzima, halafu akasema lile tawi lina madoa. Chui alikuwa amelala mguu mmoja ukining'inia. Wale wawili walimwazima yule mama darubini yake mpaka giza likaingia, na yeye mwenyewe akabaki anatazama kwa macho.

Kuhusu mkono: darubini inapokuza mnyama inakuza na mtetemo wako vilevile. Mara 8 mkono wa kawaida unaimudu. Mara 10 wapo wanaoiweza, ila kwa ulivyojieleza usijitese. Kuanzia 12 kwenda juu inataka miguu mitatu ya kuisimamishia. Halafu ya 8 inakuonyesha eneo pana zaidi, na mwenye darubini ya kwanza shida yake kubwa ni kumpata mnyama, kumkuza kunafuata. Nyani anaruka, mbwa mwitu hawakai. Ukiwa unachungulia kwenye tundu dogo, kila mara unatazama pale walipokuwa. Tena saa sita mchana Agosti hewa juu ya mchanga inachemka, na hapo hata ingekuwa ya milioni kumi ukiikuza sana unaona maji yanayotikisika tu.

Lenzi nyekundu achana nazo. Ule wekundu unaouona ni mwanga unaorudishwa nje, haujafika machoni kwako, ndiyo maana ukitazama simba anatoka wa kijanikijani. Kioo kizuri ukikiinamisha kinang'aa kidogo tu, kijani au zambarau iliyofifia.

Miwani sasa. Usiivue. Angalia mipira ya pale machoni: iwe ya kuzungusha au kukunja hadi ishuke chini kabisa. Halafu kwenye karatasi ya ndani ya boksi tafuta umbali wa jicho kutoka kwenye kioo. Mvaa miwani anataka milimita 16 na kuendelea. Ikiwa 10 au 12 utaona katikati tu kama unatazama kwenye bomba. Hiki kipimo wauzaji hawakitaji, na kwako ni muhimu kuliko jina la kampuni.

Binti_wa_Muheza:
Nakubaliana na kaka dereva karibu kila kitu, naongeza la huku kwetu milimani. Mimi ni wa ndege, nazunguka msitu wa Amani karibu kila wikiendi. Huku shida ni unyevu. Darubini yangu ya kwanza ilikuwa ile yenye mabega, kama za makamanda kwenye sinema. Kwa bei ileile, zenye mabega huwa na picha nzuri kuliko zilizonyooka, hilo niliambiwa na nikaliona. Lakini yangu haikuzibwa. Ukungu wa asubuhi ukaingia ndani, na msimu wa pili kuvu wakaota kwenye kioo kama nywele za buibui. Fundi alitaka pesa inayokaribia ya kununua nyingine.

Sasa natumia 8x32 iliyozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni, haishiki mvuke kwa ndani hata nikitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto. Ina uzito chini ya kilo nusu. Na inaona karibu, mita mbili tu, kwa hiyo chozi akija kwenye ua mbele yangu sirudi nyuma kumtafuta. Mwalimu kwa Ruaha ya kiangazi hahitaji kuogopa ukungu, ila vumbi lipo, na vumbi nalo huingia. Iliyozibwa huzuia vyote viwili. Ukirudi uihifadhi na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu, na usifute kioo kwa kanga ya mama! Puliza vumbi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa cha miwani yako.

Halafu kaka dereva, huko kwenu mna hondohondo wa Ruaha mwenye ngozi nyeusi kuzunguka jicho. Mwalimu asiishie kwenye simba.

Dereva_wa_Msembe:
Hondohondo atawachoka mwenyewe, dada. Wako hadi mezani.

Mwalimu, dukani fanya hivi. Toka nayo nje, muuzaji akikataa hamia duka jingine. Ishike mbali na uso, urefu wa mkono, uielekeze angani (siyo kwenye jua, hata kidogo, utapofuka). Utaona viduara viwili vya mwanga. Viwe mviringo kamili. Vikiwa na pembe zilizokatwa kivuli, prizimu zake, vile vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga, ni za bei rahisi. Kisha soma bango la mbali. Fumba macho uhesabu hadi kumi, ufumbue ukiwa bado umeishika. Macho yakihisi kuvutwa kabla picha haijatulia, bomba moja la darubini linatazama kushoto na jingine kulia. Hiyo ndiyo miezi miwili ya bwana mdogo wa Ilala.

Na njiani iweke kwenye begi. Darajani, karibu na kambi ya jeshi, usiitoe. Hutaki kuanza likizo kwa kujieleza.

Mwalimu_Chaki:
Nimerudi. Leo nilikwenda na mama. Ile 8x42 muuzaji asiye na maneno aliniruhusu kutoka nayo hadi barabarani, tukasimama kwenye baraza watu wanatushangaa. Viduara ni mviringo. Karatasi yake inasema milimita 17. Nimesoma bango la duka la vitenge ambalo kwa miwani peke yake nilikuwa naona rangi tu. Na mkono, nilibana viwiko kifuani, ikatulia kuliko nilivyotegemea. Tumemalizana laki tatu na ishirini.

Tatizo jipya: mama ameishika, hajairudisha. Na yeye kila akiipokea anazungusha kile kigurudumu kidogo cha jicho la kulia, mimi nikiipokea picha imeharibika. Yeye havai miwani ya mbali, ya kusomea tu. Tununue ya pili?

Dereva_wa_Msembe:
Hongera. Kile kigurudumu kidogo ni cha kusawazisha jicho la kulia na la kushoto, kinawekwa mara moja. Wewe miwani yako imeshasawazisha macho, kwa hiyo kwako kikae kwenye sifuri. Mama afumbe jicho la kulia, atazame kitu cha mbali, azungushe gurudumu la katikati hadi kitulie. Kisha afumbe la kushoto, amalizie kwa kile kidogo. Wekeni nukta ya rangi ya kucha pale kwake. Mkipokezana mnagusa la katikati, na kile kidogo ni sifuri yako au nukta yake.

Ya pili mnunue hata ndogo. Nimebeba wanandoa wengi wenye darubini moja. Mbwa mwitu wakitokea, hakuna anayempa mwenzake.

Mwalimu_Chaki:
Ile 10x25 ya elfu themanini basi, mchana nitaichukua mimi.

Binti_wa_Muheza:
Na jioni?

Mwalimu_Chaki:
Jioni nitamsikiliza mama akinisimulia.