Kuhama spoti kwenda kruza: Vulcan S, Rebel 1100, Super Meteor 650 au Scout?

Gia_Sita
Wakuu habari za humu ndani. Nisaidieni kuchagua maana kichwa kimejaa. Nina spoti (piki ya mbio, ya kuinamia mbele) ya 600cc silinda nne, nimekaa nayo muda mrefu na bado injini ikivuka mizunguko elfu kumi kwa dakika nasikia raha ile ile, ila mwili umegoma. Saa moja barabarani viganja vinakufa ganzi, shingo imekaza, na goti la kushoto ambalo lilishaumia kwenye mpira ndo usiseme kabisa, nikishuka nasimama kwanza ndo nianze kutembea. Halafu mama watoto zamani alikuwa anapanda, siku hizi akiiangalia ile siti ya nyuma anacheka tu anaondoka zake.

Nimechuja nimebaki na kruza nne (piki za siti ya chini, za kukaa umetulia): Kawasaki Vulcan S, Honda Rebel 1100, Royal Enfield Super Meteor 650 na Indian Scout ile ya 1133cc. Najua haziko daraja moja, ndo maana nauliza. Safari zangu ni ndefu, lami, kona zipo nyingi na mashimo pia yapo. Naomba msiniambie "inategemea", mwenye kuipanda aseme.

MzeeWaKona
Kijana, kabla ya jina la piki angalia futresti (pa kukanyagia miguu) ziko wapi. Watu wanaongea kruza kana kwamba zote ni kitu kimoja wakati kuna za miguu mbele kabisa na kuna za miguu katikati, na kwa mtu anayetoka spoti hiyo ndo tofauti kubwa kuliko cc.

Kwenye spoti uzito wako unagawanyika, mwingine unaenda mikononi, mwingine mapajani, mwingine futresti. Ndo maana viganja vinakufa ila kiuno chako kinapona. Ukienda kruza ya miguu mbele mikono inapumzika kweli, shingo inapumzika, lakini uzito wote unahamia kwenye kitokono, na ukikutana na shimo huwezi kuinuka kwa miguu maana miguu iko kule mbele haina cha kukanyagia. Shimo lote linapanda uti wa mgongo. Sasa ongeza hapo shokapu fupi. Scout nyuma inacheza milimita 76 tu, Vulcan S 80, Rebel 1100 ni 95, Super Meteor 101. Spoti yako hapo ina kama 120 hivi. Kwa hiyo unayemwona kaegemea kruza ametulia kama yuko sebuleni, ujue yuko kwenye lami nyororo.

Mi siikatai kruza, nina moja. Nasema usinunue picha.

Bi_Klachi
Mzee kasema vizuri ila kaitisha sana 😄

Mimi nina Vulcan S na nilitoka spoti kama wewe kaka. Nimeichagua kwa sababu moja kubwa, ni piki unayoweza kuipima na mwili wako. Futresti zinakaa sehemu tatu, ya katikati ndo inatoka nayo kiwandani, unaweza kuisogeza sentimita mbili na nusu mbele au nyuma, halafu kuna siti na usukani wa saizi tofauti. Mimi ni mfupi nikazirudisha nyuma, nikapata goti limekunjika kidogo na bado nakanyaga kitu. Siti iko milimita 705 kutoka chini, spoti nyingi za 600 ziko 810 mpaka 850, yaani kwenye foleni unakanyaga miguu yote miwili chini bila kuchezacheza na vidole.

Injini ni ile ile ya Ninja 650, silinda mbili 649cc, wameitengeneza tu ivute zaidi chini. Na hapa wengi wa spoti wanashangaa, ina nguvu ya kuvuta 63 Nm kwenye mizunguko 6,600. Yamaha R6, spoti ya 600, kwa mfano inatoa karibu hizo hizo, 61 na kitu, ila mpaka ufike 10,500. Kwa hiyo kwenye kupita lori huna haja ya kushusha gia mbili na kupigisha kelele, unavuta mafuta inaenda. Juu ndo inaisha pumzi, hapo sitakudanganya.

Kasoro: upepo. Spoti ulikuwa unajificha nyuma ya kava, huku kifua ndo kava. Ukizidi kasi ya 110 unaanza kuning'inia kwenye usukani, na mikono uliyoipumzisha inarudi kuchoka kwa njia nyingine. Weka kioo cha upepo siku ya kwanza. Na siti ya abiria ya kawaida ni nyembamba, mama watoto atacheka tena.

Kisigino_Lami
Naona mnamzika mwenzenu akiwa hai. Kaka maumivu ya viganja 90% ni ukaaji, unajiegemeza kwenye usukani badala ya kubana tangi kwa magoti na kutumia tumbo. Weka gripu za kubandika pembeni ya tangi, inua usukani kidogo kuna vipande vinauzwa, fanya mazoezi ya tumbo na mgongo, utakaa nayo miaka. Ukienda kruza utaijutia kwenye kona ya kwanza, utasikia chuma kinakwangua lami ndo utanikumbuka.

Gia_Sita
@Kisigino_Lami vyote nimefanya mkuu. Usukani nimeinua, gripu za tangi ninazo, viganja vilipata nafuu kweli, goti halikupata. Goti linakunjwa pale pale. Na mama watoto hajali tumbo langu lina nguvu kiasi gani.

Nusu_Lita
Hoja ya kona ya Kisigino isipuuzwe jamani, sio utani. Honda wenyewe wanasema Rebel 1100 inalala digrii 35, Scout ni 31. Spoti unaweza kupita 45 na tairi bado inakubali. Sasa tatizo sio kwamba kruza haipiti kona, inapita vizuri tu, tatizo ni mkono wako uliozoea. Macho yanaiona kona, kichwa kinakumbuka kasi ya zamani, piki inafika mwisho wa kulala ukiwa bado katikati ya kona.

Chini ya futresti kuna kichuma kidogo kimechomoza, kazi yake ni kukwangua mwanzo kabla ya kitu kigumu. Ukisikia krrrr usishtuke ukaachia mafuta ghafla, piki ikipoteza kasi inakaa chini zaidi na utakwangua vibaya. Tulia, sogeza mwili ndani kidogo, endelea. Watu wanaanguka kwa kushtuka, sio kwa kukwangua.

Na breki. Spoti umezoea vidole viwili mbele na breki ya nyuma ni pambo, maana ukikamata tu tairi la nyuma linakuwa jepesi. Kruza ni ndefu, uzito uko chini na nyuma, breki ya nyuma inafanya kazi kweli, na ukiisahau unapoteza mita. Nyingi mbele zina diski moja tu. R6 kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 1,375, Vulcan S ni 1,575, hizo sentimita ishirini utazisikia kwenye kugeuza barabara nyembamba.

FundiSpana
Mimi niongelee spana maana hamna aliyegusa.

Super Meteor ndo rahisi kuishi nayo. Silinda mbili 648cc, inapoozwa na hewa na oili, kurekebisha valvu ni skrubu na nati, fundi yeyote mwenye fila geji (kipimo cha mwanya) anafanya asubuhi ukasubiri. Spoti yako kurekebisha valvu ni mpaka ung'oe kemshafti upime vidonge (vibati vya kurekebisha mwanya wa valvu), unajua mwenyewe. Rimu ni za aloi tairi haina tyubu, ukipata pancha unachomeka kamba unaendelea.

Ubaya wake ni uzito na upole. Kilo 241 na nguvu 47 za farasi. Wewe unatoka kwenye piki yenye zaidi ya 100 na haifiki kilo 200. Ukiifungua mafuta utadhani klachi inateleza 😂 sio klachi, ndo yenyewe hiyo.

Rebel 1100 na Vulcan zote ni cheni, kama umezoea kupaka oili cheni hamna jipya. Scout ni mkanda, safi, kimya, haina grisi kwenye rimu, ila ukiona kokoto limeingia kati ya mkanda na puli liondoe mapema kabla halijatoboa, na mkanda ukikatika safarini huungi kama cheni. Shafti kwenye orodha yako hamna hata moja.

Jambo la tangi pia, mtu wa safari ndefu aangalie. Scout lita 12.5, Rebel 1100 13.6, Vulcan 14, Super Meteor 15.7. Scout ina nguvu kuliko Super Meteor zaidi ya mara mbili halafu ina tangi dogo kuliko zote, utakuwa unasalimiana na kila kituo cha mafuta.

Mtulivu_wa_Lami
Rebel 1100 mmeipita haraka. Nimeipanda wiki nzima ya rafiki yangu, na kwa mtu wa spoti ndo ile ambayo huhisi umehama nchi. Injini imetoka kwenye Africa Twin, 1,084cc, nguvu ya kuvuta 98 Nm kwenye 4,750 tu, futresti ziko karibu na katikati, inalala kuliko Scout. Kuna ya DCT (gia za kujibadilisha zenyewe), haina mkono wa klachi kabisa, kwenye foleni mkono wa kushoto unalala. Goti lako la kushoto kama linaumia kwa kupandisha gia na mguu, ile ya DCT unabadilisha kwa kidole au unaiacha ibadilishe yenyewe.

Ila ni piki ya mtu mmoja tu. Siti ya abiria ni kipande, na mtu mrefu atahisi magoti yamepanda maana siti iko chini sana na futresti hazijaenda mbele. Hilo la goti upime mwenyewe, kwa mfupi ni raha, kwa mrefu unarudi kule kule ulikotoka.

Gia_Sita
Duh hiyo ya DCT na goti sikuifikiria kabisa. Mimi ni mita 1.78. Kwa hiyo Rebel goti halinyooki sana?

Mtulivu_wa_Lami
Linakunjika kama umekaa kwenye kiti kifupi. Ni nafuu mbali sana na spoti lakini sio kunyoosha. Kwa 1.78 Vulcan futresti zikiwa katikati au mbele utanyoosha vizuri zaidi.

Kisigino_Lami
Sawa nimekubali goti ni goti. Lakini mbona hakuna anayetaja kwamba kruza sio dawa pekee? V-Strom 650, Tracer 9, hizo unakaa wima, futresti chini ya mwili, shokapu ndefu, mashimo unasimama unapita, abiria anakaa kama mfalme. Safari ndefu, mke nyuma, mashimo, kona. Ukisoma alichoandika juu utadhani anaelezea V-Strom halafu mwishoni anasema nataka kruza.

MzeeWaKona
Leo Kisigino kaongea 😀 na kwa karatasi ana haki. Kwa mwili tu, ukaaji wa wima wenye futresti chini yako unashinda kruza zote nne. Siti ya V-Strom ipo juu lakini, zaidi ya milimita 830, na ukibeba mtu na mzigo ukasimama kwenye mteremko utaelewa kwa nini watu wanapenda kruza.

Ila kuna kitu hakiandikwi kwenye karatasi. Mtu anayetoka spoti akipewa piki ya wima yenye nguvu ataendelea kuendesha vile vile, anabaki anafukuza. Kruza inakupunguza mwenyewe bila kukulazimisha. Unakaa kwenye 80, 90, injini inagonga taratibu, unaanza kuona mashamba na watu. Kama hicho ndo anachokitafuta V-Strom haitampa. Kama anatafuta mgongo usiume tu, basi Kisigino ameshinda.

Gia_Sita
Mzee hapo umenisoma. Spidi siitaki tena kivile, nataka nifike nikiwa bado nina hamu ya kurudi. Scout nimeiondoa, tangi dogo na shokapu hiyo na hizi barabara hapana. Rebel inaniuma kuiacha ila mama watoto hana pa kukaa. Zimebaki Vulcan na Super Meteor.

Bi_Klachi
Kama abiria ndo sharti, nitaisaliti piki yangu. Super Meteor ipo ya Tourer, inatoka na siti pana ya abiria, egemeo la mgongo na kioo kikubwa cha upepo, vitu ambavyo kwenye Vulcan utanunua kimoja kimoja. Vulcan itakupa mwendo, ile itakupa amani ndani ya nyumba.

FundiSpana
Naongezea, ukienda kujaribu nenda na mama watoto, apande nyuma mkae kimya dakika ishirini piki ikiwa imesimama kwenye stendi, mmevaa helmeti na jaketi. Dakika tano za kwanza kila siti ni tamu. Baada ya hapo angalia ni wapi unaanza kujigeuzageuza, kama ni kitokono basi futresti zimeenda mbele mno kwako. Halafu barabarani tafuta tuta moja mpige mkiwa wawili, msikilize shokapu kama inagonga mwisho. Preloadi (ukazo wa springi) ya shokapu za nyuma ongeza kabla hujatoka.

Gia_Sita
Nimekuelewa fundi. Jumamosi tunaenda wote wawili, yeye kashasema kama hamna egemeo hapandi hata ya kujaribu. Bei ya spoti yangu nitaileta kwenye uzi wa mauzo, msije mkaniuliza hapa.