Aliyejifungua kwa upasuaji mara ya kwanza, je, analazimika kupasuliwa tena?

Mjamzito wa Mombasa:
Hamjambo nyote. Nina ujauzito wa wiki 34, na mtoto wangu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka minne, nilimzaa kwa upasuaji. Juzi kliniki, katika hospitali ya binafsi, daktari aliandika tarehe ya upasuaji kwenye kadi yangu kabla hajaniuliza lolote, akasema kwamba aliyepasuliwa mara moja hupasuliwa daima. Muuguzi naye alinikabidhi fomu ya ridhaa ili mume wangu aitie saini. Sikatai upasuaji ukiwa wa lazima. Naomba kujua kama ulazima huo upo kweli, na nani mwenye kauli ya mwisho.

Mkunga wa Tanga:
Dada yangu, kauli hiyo ni ya enzi ambapo kizazi kilichanwa wima, sehemu ya juu, na kovu la namna hiyo huachia kwa urahisi wakati wa uchungu. Siku hizi wengi huchanwa kwa mlalo, sehemu ya chini. Kwa mwenye kovu moja la aina hiyo, uwezekano wa kovu kuachia, uchungu ukianza wenyewe, ni takriban mmoja kwa kila wanawake 200, na karibu watatu kati ya wanne wanaojaribu hujifungua kwa njia ya kawaida. Huyo mmoja si wa kupuuzwa, kwani kovu likiachia mama na mtoto wanaweza kupotea kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana jaribio lifanyike penye chumba cha upasuaji kilicho tayari saa zote, na damu ya kuongezewa. Usiliamini kovu la tumboni, maana mshono wa ngozi hauonyeshi kizazi kilichanwa vipi. Omba karatasi uliyoruhusiwa nayo hospitalini safari ile.

Wakili:
Kuhusu saini, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki yako ya kukataa. Ridhaa ni yako, mtu mzima mwenye akili timamu. Mume hushauriwa, hakuamulii. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa haki Nadine Montgomery, mama mwenye kisukari ambaye daktari hakumweleza kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama, uwezekano wa asilimia 9 hadi 10, kwa kuwa daktari huyo aliona kwamba wakiambiwa, akina mama wangetaka upasuaji. Yeye alinyimwa nafasi ya kuchagua kisu, nawe unanyimwa nafasi ya kukikataa, lakini haki iliyoguswa ni ile ile.

Umm Salim:
Mimi nilielezwa yote hayo nikachagua upasuaji wa pili, na sioni haya kusema hivyo, ingawa mawifi walinena kwamba aliyepasuliwa hakuzaa. Tafadhalini tusimsukume ndugu yetu upande wowote. Ila kama unatamani watoto wengi, uliza kuhusu kondo la nyuma, kwani kila upasuaji unaoongezeka huzidisha hatari ya kondo kujishikiza kwenye kovu na kuleta damu nyingi.

Mjamzito wa Mombasa:
Karatasi nimeipata. Imeandikwa kwamba uchungu haukuendelea, njia ilikuwa imefunguka sentimita 4, na kizazi kilichanwa kwa mlalo sehemu ya chini.

Mkunga wa Tanga:
Sababu hiyo si lazima ijirudie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unahesabu uchungu uliokolea kuanzia sentimita 5, na unaonya kwamba njia kutofunguka sentimita moja kwa saa si sababu tosha ya kuingilia kati. Mpelekee daktari karatasi hiyo, umuulize kama ana sababu nyingine zaidi ya kovu. Kondo likiwa limeziba mlango wa kizazi, au mtoto akiwa amelala kingamo uchungu ukianza, ulazima upo, na hakuna mkunga makini atakayekushauri vingine. Ikiwa ni kovu peke yake, unaweza kuomba kujaribu, mradi mkubaliane mapema, tena kwa maandishi, ni dalili zipi zikitokea utaingizwa chumba cha upasuaji bila mjadala. Uulize pia kama usiku daktari wa usingizi hukesha hapo hospitalini au huitwa kutoka nyumbani kwake.