Inua Jamii: Sh2,000 ile ile tangu kabla ya 2013. Nani alisema wazee hawanunui unga?

Kila Juni bajeti ikisomwa tunatajiwa mabilioni ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wazee, mayatima na watu wenye ulemavu, na hakuna anayeuliza mzee mmoja anapata ngapi. Anapata Sh2,000 kwa mwezi. Kabla ya 2013 ilikuwa Sh2,000, leo ni Sh2,000. Jumla inapopanda ni kwa sababu majina yameongezwa, wala kiwango hakijaguswa. Kutaja jumla bila kutaja kiwango ni kuwahadaa wananchi, na mimi nimechoka.

Pigeni hesabu. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 5 kwa mwaka. Tuseme lengo hilo lilitimia kila mwaka kwa miaka 12, bila ukame wala bei ya mafuta kupaa. Hata hapo Sh2,000 ingebaki na nguvu ya kununua ya Sh1,114. Ili mzee asirudi nyuma hata hatua moja, angelipwa Sh3,592. Na bei hazikuwa na huruma hiyo: Julai 2022 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilipita Sh200, serikali ikaishusha hadi Sh100 kwa ruzuku ya wiki chache tu, kisha kila mtu akaachwa ajitafutie.

Sasa angalieni wengine wanaolipwa na hazina hiyo hiyo. Pensheni ya mstaafu wa serikali huongezwa asilimia 3 kila baada ya miaka 2, utaratibu ulioanza 2005. Ni nyongeza ndogo na wastaafu wana haki ya kuilalamikia, lakini ipo na hawaiombi. Rais mstaafu ana sheria yake ya 2003, pensheni asilimia 80 ya mshahara wa rais. Mbunge aliwekewa mshahara wa Sh621,250 kwa mwezi mwaka 2017. Kufikia Julai 2023 alikuwa kwenye Sh725,502. Nyongeza hiyo peke yake inalipa wazee 52. Wote hao wana sheria au tume ya kuwapandishia. Mzee wa Inua Jamii hana kanuni yoyote inayofunga malipo yake na bei za sokoni, ndiyo maana kiwango kimeganda.

Fedha za mayatima ndizo zinazoniudhi zaidi. Sehemu hiyo ya Inua Jamii ilianza kwa majaribio 2004, na inalipa kwa kaya. Nyanya anayelea wajukuu 5 anapata Sh2,000, sawa na anayelea mmoja. Gawanya: Sh400 kwa mtoto kwa mwezi, kama Sh13 kwa siku. Nani alikaa mezani akaona hiyo inatosha? Wakati huo huo mpango wa fedha za kukabili njaa wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera umekuwa ukilipa Sh5,400 kwa miezi 2, yaani Sh2,700 kwa mwezi. Sisemi wao wapunguziwe hata senti. Nasema serikali imeshakubali yenyewe kwamba Sh2,000 haitoshi kaya.

Halafu umri. Katiba, Kifungu cha 260, inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Mtumishi wa umma anastaafu akiwa na 60. Inua Jamii inamtaka awe na 70. Miaka 10 hiyo mama mboga aliyefanya kazi bila mwajiri anaishi kwa nini? Na hata akifika 70, rejista haimchukui yenyewe. Baada ya usajili wa 2017, waliotimiza 70 walikaa miaka wakisubiri usajili mwingine, ilhali tarehe ya kuzaliwa iko kwenye kitambulisho na serikali ndiyo iliyokitoa.

Kwa miaka mingi malipo yalikuwa Sh4,000 kila miezi 2, na hazina ikichelewa yanarundikana. Mzee amekopa kwa duka, pesa zikifika zote zinaishia kwenye deni. Alama za vidole zilizosagwa na jembe hazisomeki kwenye mashine ya wakala, anaambiwa arudi kesho, na nauli ya boda imeshaliwa.

Kwa hiyo mbunge wako akija kwenye baraza muulize mambo matatu tu, na umtake ajibu kwa tarakimu: kiwango kitafungwa lini na mfumuko wa bei kila Julai, mtoto wa pili na wa tatu wataongezewa ngapi, na kwa nini jina la aliyetimiza 70 lisiingie kwenye rejista mwezi huo huo.